Macho Yao Darini Kwangu

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Leo tena! Niko darini, juu kabisa ya nyumba, kichwa wazi, nywele nimezipaka mafuta ya nazi, nashona kofia yangu kwa raha zangu — mara mlio ule ule, kama nzi mkubwa aliyefungiwa chupani, unatoka upande wa gesti ya jirani. Nikainua uso. Droni! Imesimama juu yangu kabisa, taa yake nyekundu inapepesa. Nikajifunika kwa kile nilichokuwa nacho mkononi, nacho ni kofia. Imefunika jicho moja! Nikakimbilia ngazini, nikajikwaa, kidole gumba cha mguu kikatoka damu.

Tangu Abdulwahid afariki mwezi wa saba sijavuka kizingiti cha mlango huu, na sitakivuka mpaka eda iishe. Silalamiki. Ni haki ya mume wangu. Lakini nyumba yetu hii ya mawe ni giza huko chini, na tundu za kofia hazishoneki kwa balbu. Darini ndiko kwenye nuru yangu na hewa yangu. Marehemu aliuinua ukuta wa dari kwa mikono yake, kimo changu na shibiri moja juu yake, ili jirani yeyote asinione. Alifikiria pande zote nne, Mungu amrehemu. Wa juu nani angeufikiria?

Kofia imeingia doa la damu. Itabidi nianze kipande kingine.

Jumatano, 17 Septemba

Binti yangu Nasreen amerudi kutoka kufundisha darasa lake la chekechea, akafunga mlango kwanza, kisha akanionyesha simu. Ni ukurasa wa gesti. Muziki wa taarabu — wa kuungwaungwa, si wa hapa — na mapaa ya mji wote, halafu katikati dari langu, na mimi. Nywele zangu zote mpaka kiunoni. Nikamuuliza mwanangu pameandikwa nini. "Maisha halisi ya Waswahili," akasema. Na chini watu wameweka mioyo. Mioyo kwa mamia!

Nywele ambazo hata shemeji yangu hajaziona tangu niolewe. Ninakaa eda, nimeacha wanja, nimeacha hina, nimeacha manukato, na huko Ulaya mtu ananywa kahawa yake akinitazama.

Nilitaka kulia, hasira ikatangulia.

Nimemtuma Nasreen kwa Jabez, meneja wao. Ni mtu wa bara, si mbaya, huwa anatuamkia. Nikamwambia amweleze: hapa petu hata mkwezi wa nazi, kabla hajakumbatia mnazi, hupiga ukelele, "Hodi! Napanda!" ili wanawake wa nyumba za jirani wajisitiri. Mkwezi! Mtu ana kazi yake ya halali, ana haraka yake, na bado hungoja. Hicho kidudu chenu kina cheo gani?

Jabez ameomba radhi sana. Aki pole, mwambie mama pole. Kuanzia sasa watapiga hodi. Na video ataiongelea na bosi wake, maana bosi yuko ng'ambo na ndiye mwenye ukurasa.

Haya. Tungoje.

Alhamisi, 18 Septemba

Hodi imepigwa! Mara moja, kutoka langoni kwake, "Hodi mamaaa!" — na kabla neno halijafika kwangu, droni iko hewani. Hata kanga sijaishika. Nani alimfundisha huyu? Hodi hupigwa mara tatu, ukangoja. Usipojibiwa unarudi ulikotoka. Yeye kaifanya honi ya pikipiki.

Nikamjibu kwa sauti yangu yote: "Hakuna karibu!" Nimesikia wanawake wa nyumba ya pili wakicheka. Wacheke. Leo mimi, kesho wao.

Baada ya Alasiri akaja Mohdhar, mdogo wake marehemu. Amekaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, nami nyuma ya mlango, kama ilivyo desturi. Video imemfikia mpaka kwao Siyu. Akashusha sauti: "Shemegi, heri wende Siyu ukakae na mama mpaka eda ishe. Hapa mato ya watu yamekuwa mangi."

Nikamwambia eda hukaliwa nyumba ya mume. Wenye macho ndio wahame.

"Basi usipande dari."

"Nikae gizani kwa sababu wao wana mashine?"

Akasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Akasema waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakukosea. Nikamwambia, Mohdhar, ukuta ndugu yako alishaujenga, ufa uko angani, nitauziba na nini? Ameondoka bila kumaliza kahawa. Najua hana nia mbaya. Lakini nikihamia Siyu, nimekwisha. Nitakuwa nimefukuzwa nyumbani kwa marehemu na kidudu cha plastiki, na kila mwanamke mwenye dari atajua njia ni hiyo.

Siendi!

Ijumaa, 19 Septemba

Nasreen ameninunulia mshipi wa kuvulia samaki. Tumeufunga kutoka pembe hadi pembe za dari, mara nyingi nyingi, tukatandaza shuka mbili juu yake. Kivuli kizuri! Nimeshona mpaka adhana ya Alasiri. Droni ilikuja, ikazunguka, ikaona maua ya shuka zangu, ikaenda zake. Nimekula wali na papa kwa hamu leo.

Jioni upepo umechukua shuka moja. Imeangukia uwanja wa jirani. Mshipi umebaki wazi upande mmoja, tutaona kesho.

Jumapili, 21 Septemba

Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!

Niliusikia mlio. Safari hii nilikuwa na buibui, nimejifunika mpaka kope, nikasema siinuki. Nitashona. Ikazunguka kwanza. Kumbe shuka zimewatia hamu! Ikashuka chini, ikashuka tena, inataka kuchungulia upande uliobaki wazi — na mshipi haikuuona. Hata mimi siuoni mpaka jua liupige. Ikanaswa mbawa, ikajiviringa kama kuku aliyenaswa uzi mguuni, ikalia, ikaanguka karibu na kibao changu cha kushonea.

Nikaogopa kidogo, nisiseme uongo. Kisha nikavua kanga ya mabegani, nikaifunga jicho. Nikaitia kikapuni na kuifunika kwa kawa. Isitirike nayo!

Jabez alifika mbio, na safari hii kapiga hodi sawasawa: tatu, kwa adabu, na kungoja. Nasreen akamjibu nyuma ya mlango. Mama yuko edani, nyumba haina mwanamume, hatuwezi kukukaribisha.

"Sasa nitaipata lini, dadangu?"

"Mwezi wa kumi na moja, inshallah."

Nimecheka! Mara ya kwanza tangu mazishi. Halafu nikalia, maana yule ambaye ningemsimulia hayupo.

Ningeweza kumpa Nasreen amtolee mlangoni, najua. Sitaki. Nimempelekea sharti: video ifutwe, na mashine isipite juu ya nyumba ya mtu bila ridhaa yake. Akasema yuko radhi kabisa, lakini bosi ndiye wa kufuta, na bosi hajibu. Basi na bosi angoje. Mimi nina saburi ya eda.

Jumatatu, 22 Septemba

Bosi amejibu. Hafuti. Video imependwa mno. Na sisi, anasema, ni wezi, atatuletea polisi.

Mohdhar amekuja tena. Safari hii hakukaa. "Mpe mtu zitu zake, shemegi! Polisi wakiya mlangoni ni aibu ya nyumba nzima."

"Akinirudishia nywele zangu nitamrudishia zake."

Akapiga ukuta kwa kiganja. Amesema polisi wakifika hapa, basi mashua iko tayari, Siyu ni lazima, hatauliza tena. Nasreen alikuwa ananitazama. Mwanangu huwa hasemi mbele ya baba mdogo. Leo amesema, "Mama haendi popote."

Jumanne, 23 Septemba

Naandika haraka. Mambo bado yanaendelea huko chini.

Wamekuja asubuhi: Jabez, polisi mwanamume, na polisi mwanamke aitwaye Cherono. Mohdhar naye dakani, amenuna. Nasreen akasema mwanamke peke yake ndiye atakayeingia. Cherono akavua viatu bila kuambiwa, akapanda ngazi anahema. Kijana, mpole wa sura, mgeni wa joto letu.

Akasema, "Mama, umeshikilia mali ya watu. Itabidi niichukue, halafu tuandike taarifa yako." Nikamwonyesha kikapu. Nikamwambia Nasreen amwonyeshe video. Ameitazama yote. Akasema pole. Lakini akasema, "Shida ni kwamba hawakuingia kwako, mama. Walipita juu tu."

Juu tu!

Nilikuwa na maneno mengi, nikayameza. Mgeni ni mgeni. Nikamwambia akae kwanza, apumue, akaletewa maji ya ukwaju. Jasho lilikuwa linamtiririka. Akauliza, "Hapa hakuna mwanaume anaona, si ndiyo?" Nikamwambia hakuna, huo ukuta umejengwa kwa kazi hiyo. Akavua kofia, akafungua vifungo vya shati, akajipepea na upepeo wangu, amefumba macho. "Aki hapa ni kuzuri," akasema.

Mara mlio.

Ya pili! Kumbe wanazo mbili. Wameituma ya pili kuja kuitafuta ya kwanza, naye afande wao yuko hapa hapa kifua wazi! Ikasimama juu yetu. Cherono alitoa ukelele. Akavuta kanga yangu kambani, akajigubika yote, kichwa na kifua, akajibanza ukutani pembeni yangu. Mimi pia nimejibanza. Tumekaa hivyo mpaka ikaondoka.

Kisha akauliza polepole, "Huwa inakuja hivi?"

"Hivi hivi."

Akajaribu kufunga vifungo. Kimoja amekikosea tundu. Akachukua kofia yake, akashuka ngazi miguu mitupu. Kikapu amekiacha.

Nawasikia. Jabez anamuuliza, "Madam, umeipata?"

Cherono anasema, "Nionyeshe ulichopiga sasa hivi."

"Madam, tulikuwa tunaangalia tu kama uko salama—"

"Nionyeshe! Halafu uifute nikiona."

Halafu sauti ya Jabez, ndogo sana, nimelazimika kusimama juu ya ngazi niisikie: "Haifutiki kwangu, Madam. Inaenda kwa bosi moja kwa moja. Ishaenda."

Nimekivuta kikapu karibu yangu, nikakikalia.