Mlango Ukikubali Kutembea

Goma, Jumapili baada ya misa

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Paluku anayekusomea. Paluku, kaka yangu, soma yote kama yalivyoandikwa, usiruke mahali ninapokasirika. Mguu wako wa kushoto unaendeleaje, Mama, na kile kikohozi cha asubuhi? Mvua imeyafikia maharage? Na bunduki, mnazisikia mbali au karibu? Tangu antena ya simu ikatwe huko Rutshuru, habari zenu nazipata kwa watu wa barabarani, na kila mmoja ana zake. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini si kwa njaa, ni kwa hasira.

Hasira ya kwanza ni juu yako, na unaijua. Barua tatu nimekuandikia kwamba mtoke huko mje Goma, chumba changu hapa Himbi kitatutosha. Jibu lako, kwa mwandiko wa Paluku, lilikuwa mstari mmoja: "Nitakuja siku mlango ukikubali kutembea." Nilisoma mstari huo nimesimama, nikaketi, nikausoma tena. Najua mlango ule ni wa libuyu, mbao ngumu. Najua baba, Mungu amrehemu, aliuchonga kwa mikono yake. Najua pia kwamba vita iliyopita askari walichoma milango ya majirani wote wakapikia maharage, na wetu ukapona kwa sababu baba aliufungua akaulaza migombani chini ya majani. Lakini baba hayupo tena, na wewe humruhusu hata Paluku aguse skrubu zile, eti zilifungwa na mwenyewe. Kwa hiyo mwanao wa kwanza anakaa kwenye njia ya vita akilinda ubao. Hilo neno, ubao, niliandika katika barua ya tatu. Likumbuke, nitalirudia.

Hasira ya pili inaitwa Fiston.

Huyu Fiston ni kijana wa mtaa wetu, wazazi wake wametoka upande wa Bukavu, baba yake ni karani. Amekusanya wenzake, wakaazima kamera, wanatengeneza filamu. Unakumbuka ile katuni ya Wajapani tuliyokuwa tunaangalia mimi na Paluku kwenye televisheni ya paroisse, kwa mapadri, ile ya watu wa nyota na jitu la chuma linalobomoa mji, nawe ukawa unatufuata na fimbo kwa sababu kuni hazijapasuliwa? Ndiyo hiyo hiyo. Fiston anaigeuza kuwa ya watu wenyewe, wenye nyama na damu, na mji unaobomolewa ni Goma. Nilipoambiwa nilicheka. Halafu akaniletea kitambaa nishone.

Ni kile cha bitana, kinachong'aa na kuteleza chini ya sindano. Nguo za watu wa nyota lazima zibane mwili wote, kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo. Nikamuuliza zipu niiweke wapi. Akafungua picha kwenye simu, akaitazama sana, akasema kwenye katuni hakuna zipu. Nikamuuliza basi mtu anaingiaje humo. Akasema hawaonekani wakivaa. Nikashona bila zipu, maana mwenye kazi ni yeye. Siku ya kwanza tu jenerali wa nyota alikunywa chai nyingi, na saa nne ikabidi nimpasue mgongoni kwa mkasi ili aende chooni. Tangu hapo Fiston akaamuru niwe naenda na cherehani huko huko, nishone kila wanapopasuka. Kwa hiyo kila asubuhi nakifungua kichwa cha cherehani kutoka mezani kwa bisibisi ya baba, ile yenye mpini aliouzungushia mpira wa tairi, niliyoichukua baada ya matanga. Halafu wanaume wawili wananibebea, wakilalamika njia nzima.

Mahali penyewe ni kwenye mawe ya volkano, nyuma ya Mugunga. Hapo wamesimamisha jitu lao: miti ya kalitusi iliyofungwa kamba, ikavikwa mabati na mapipa yaliyopasuliwa, refu kupita nyumba ya mapadri. Zikabaki picha za watu wa mji wakilikimbia. Kwa kuwa kila Jumanne nawafundisha kushona wanawake wakimbizi wa kambi ya Mugunga, Fiston akanituma mimi nikawalete. Malipo ni sahani ya wali na maharage. Walikuja wengi, mbele yao Mama Furaha, mama wa makamo kutoka Masisi ambaye wenzake humsikiliza. Walikuja na vitu vyao, kwa sababu kambini kitu ukikiacha hukikuti.

Fiston akawaeleza: jitu likiinua mkono, kila mtu apige kelele, arushe mikono juu, akimbie. Akatoa amri. Wanawake wakageuka, wakaenda kwanza pale walipoweka vitu vyao. Huyu akachukua sufuria, yule godoro, mwingine akakaza kitenge cha mtoto mgongoni. Ndipo wakaondoka, kwa haraka lakini kimya. Fiston akawasimamisha, akaeleza upya. Wakarudia vile vile. Mara ya tatu, vile vile. Mara ya nne walikubali kuacha magodoro, lakini nilimwona mmoja ameficha sufuria chini ya kitenge, akikimbia na tumbo la miezi tisa lenye mfuniko.

"Kwa dessin animé hakuna mutu anabebaka matela," Fiston akasema, akiwaonyesha ile katuni kwenye simu.

Mama Furaha akatua beseni lake chini. "Papa, mutu anakimbia bila sufuria, mangaribi atapikia mu nini? Miye nilishakimbia mara ine. Weye ulikimbia mara ngapi?"

Fiston akajibu kwamba alikimbia mara moja, wakati wa volkano, ndani ya motokari ya baba yake. Hakuna aliyecheka, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Na mimi, Mama, nilisimama upande wa nani? Wa Fiston. Nilikuwa na njaa, jua linachoma, jenerali amepasuka tena. Nikapanda juu ya jiwe nikawagombeza wanawake wale. Nikawaambia vitu ni vitu, cha kuokoa ni roho, na kwamba mtu anayerudi kuchukua sufuria hana akili timamu. Watu wazima wale, waliolala porini na watoto, walinisikiliza wakitazama chini kwa adabu. Nilikuwa nasema nao, lakini maneno nilikuwa nimekwisha kukuandikia wewe.

Alasiri upepo wa ziwa ukaanza. Wiki nzima tulikuwa tunasikia mizinga upande wa Sake, kila mtu anajifanya hasikii. Kamba moja ikakatika, na jitu zima likaanguka kifudifudi juu ya mawe. Mama, sijui nikuelezeje mlio wa mabati yale. Hakuna aliyefikiria jitu. Tulifikiria kile ambacho tunakifikiria wote, kila siku, hata tukiwa kanisani.

Hakuna aliyepiga kelele. Kabla vumbi halijatulia, mahali pale palikuwa patupu, hakuna mtu, hakuna godoro, hakuna hata kijiko. Nilipopata fahamu ya kusimama nilikuwa barabara ya Sake, pumzi imekwisha, kandambili moja haipo. Mama Furaha alikuwa kando yangu na beseni lake kichwani, ananitazama mikononi. Nikajitazama na mimi. Nilikuwa nimekumbatia kichwa cha cherehani. Chuma kile cha kubebwa na wanaume wawili nilikuwa nimekivusha peke yangu juu ya mawe ya volkano. Mafuta yake yameharibu blauzi yangu ya misa, uzi bado uko sindanoni, na mkono wa nguo ya jenerali unaburutika vumbini nyuma yangu.

Sikumbuki kukichukua. Paluku, hapo msomee mara mbili. Sikumbuki kukichukua.

Mama Furaha hakunicheka. Alishika upande mmoja wa kile chuma, tukasaidiana kukirudisha. Njiani tukamkuta Fiston, yule aliyetaka watu wakimbie mikono mitupu, amekumbatia kiganja cha jitu, bati tupu lenye vidole vinne. Kamera, ambayo si yake na ndicho kitu pekee cha thamani mahali pale, alikuwa ameiacha imesimama juu ya miguu yake mitatu. Ilikuwa bado inapiga picha.

Kesho yake mchana tuliitazama picha hiyo sebuleni kwa wazazi wake. Watu wa nyota wanapita na masufuria. Jenerali anapita amebeba mbuzi, na mpaka leo hatujui ni mbuzi wa nani. Halafu napita mimi. Uso niliouona pale si wangu, Mama. Ni wako, ule unaokuwa nao jioni ukisukuma komeo la mlango. Wengine walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nilitoka nje nikalia, na sioni haya kukuambia.

Fiston naye, badala ya kushukuru, anasema ndiyo picha nzuri kupita zote, ila irudiwe, kwa sababu pembeni kuna kivuli cha ngazi. Nilimpelekea Mama Furaha ujumbe huo huku najua jibu. Akaniambia: "Umwambie, kukimbia si muchezo. Ile alipata, atosheke nayo." Basi ameiacha hivyo, na sasa ananisumbua kwa wasiwasi mwingine, Wajapani watasema nini wakiona watu wa nyota wanakimbia na masufuria. Nimemwambia Wajapani nao wamewahi kukimbia, wataelewa. Aniache nishone.

Sasa nirudi kwenye lile neno. Ubao. Nalifuta, Mama, nisamehe. Hasira yangu haijaisha, usidhani. Vita ikifika hapo uani haitakuuliza aliyechonga mlango ni nani, na kila lori linaloshuka na watu natazama nyuso zote nikiwatafuta nyinyi wawili, mpaka madereva wananijua. Siwezi kuendelea hivyo. Lakini sitakuambia tena uje mikono mitupu, mimi niliyeshindwa kufanya hivyo kwa sababu ya mabati yaliyoanguka. Njoo na mlango.

Aliyekuletea barua hii ni Kakule, msukuma chukudu. Anapandisha chumvi na sabuni, anashusha maharage. Chukudu yake ni ya mbao, magurudumu mawili tu, lakini inabeba magunia, haitashindwa na mlango mmoja, na wewe mguu ukichoka utakaa juu yake. Nimemshonea koti la harusi yake ya kanisa, naye ameniahidi hatarudi bila nyinyi. Usimwambie mlango haujazoea safari. Baba aliuchonga Butembo, ukafika huko juu ya lori, na mimi nilikuwa nimeukalia. Kutembea unajua.

Nisalimie mama mkubwa Masika, dada yako, mwambie kitenge chake kimekwisha, na ningependa aje akijaribu hapa hapa. Nisalimie baba mdogo Kambale, mdogo wa marehemu baba, ninajua naye anawasubiri nyinyi muondoke ndipo aondoke. Nisalimie na katekista, jirani yetu, aliyenifundisha kuandika barua na leo anaweza kuona hasara yake.

Mpe Kakule chakula kwanza. Halafu mwombe kilicho katika mfuko wa ndani wa koti lake. Ni bisibisi ya baba. Mkono wake hatunao, Mama, lakini skrubu zile zilifungwa na hiyo hapo. Mpe Paluku, nawe umshikie mlango asiuangushe.

Kabla sijamkabidhi Kakule, nilifungua nayo skrubu za mlango wa chumba changu, ule wa mbao laini, nikaung'oa nikampa Mama Furaha. Nimepima kwa kamba: wa baba utaingia, nikichonga kizingiti kidogo. Kwa sasa pametundikwa kitenge tu. Basi fanyeni haraka, upepo wa ziwa unaniingilia.

Mwanao,
Kahindo