Bangi Yako ya Chiang Mai

Thadeo mdogo wangu,

Teddy, mfanyabiashara mwenzangu, anapita huko Thailand kununua mashati, ndiyo maana nimempa karatasi hii. Maneno haya siyaandiki kwenye simu nikiwa China.

Hapa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika mjini Guangzhou, tunasukuma siku. Mvua haikatiki, na bosi wa jinzi bado ananijibu "mei yo", hakuna, huku mzigo kaukalia.

Sasa huo mwongozo wako wa watalii ulioutuma mtandaoni! Nilikwambia usubiri viza ya China huko milimani, wewe umegeuka mhadhiri wa bangi. Eti ni halali, duka lina leseni, mgeni aonyeshe pasipoti, aanze na kidogo, asivute barabarani wala karibu na hekalu. Umemfundisha mgeni kila kitu, mtaalamu, isipokuwa kuuliza anakwenda wapi baadaye. Huku polisi wakikushika wanapima mkojo, wanakata hata nywele, na hawajali ulivutia nchi gani. Wala usinyoe kichwa ukadhani umewaweza. Usije tena huku, rudi Moshi. Umenichosha, Thadeo!

Nilikuita uje kutembea. Haikuwa kutembea. Jumatatu wananitoa uvimbe tumboni, na hospitali inataka ndugu asaini kwanza. Nimemwomba Kibet, yule Mkenya anayetufungia mizigo. Ameniuliza aandike yeye ni nani wangu.

Nimemwambia aandike mdogo wangu.

Mama asijue. Na ule vizuri, umekonda kwenye zile picha.

Dada yako,
Yustina