Lecce, Kabla ya Jumatatu

Jumamosi, 14 Novemba 1998

Toka asubuhi inanyesha mvua inayotaka kuwa theluji. Nimefua, nimepiga pasi, nimebandika maharage. Begi la hospitali nimeshalipanga: kanga mbili, ndala, mswaki, Biblia ndogo. Kazi zikiisha mapema hivi ndipo mawazo yanapopata nafasi.

Jumatatu nitafanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo. Daktari ni mpole, alinieleza kwa kunichorea. Uvimbe wenyewe si mbaya, alisema, ila mshipa wa fahamu unaoendesha sauti umepita ubavuni mwake. Mara nyingi hauguswi. Ukiguswa, nitaongea vizuri tu, labda kwa mkwaruzo kidogo. Lakini sauti za juu huenda zisirudi.

Nikamwitikia "sawa" kama mtu anayepewa habari za jirani.

Sikumwambia kwamba niliwahi kuwa mwimbaji. Ningeanzia wapi?

Ningeanzia Lecce.

Ni mji wa kale, kusini kabisa mwa Italia. Bendi yetu ya dansi kutoka Morogoro ilialikwa kuzunguka huko kiangazi kimoja, Neema wangu akiwa bado hajazaliwa, na Lecce ndiko tulikokaa sana. Mawe ya mji mzima yana rangi ya andazi lililoiva. Kuta za makanisa zimechongwa matunda, simba na watoto wenye mabawa hadi macho yanachoka. Mchana kila dirisha linafungwa, watu wanalala. Mzee Sudi, kiongozi wetu na mpiga gitaa la solo, alisimama katikati ya barabara tupu akauliza, "Jamani, hawa wamesikia kwamba tunakuja?"

Mimi nilipangiwa chumba kwa mjane mmoja, Bi Concetta, aliyevaa nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. Hatukuwa na lugha moja. Alinilisha kana kwamba nimetoka vitani.

Onyesho la kwanza lilikuwa uani mwa nyumba kubwa ya zamani. Watu waliketi kwenye viti, mikono mapajani, wakatulia. Nikaimba ubeti wa kwanza. Kimya. Wa pili. Kimya. Kwetu ukumbini, ukifika ubeti wa pili hakuna aliyeinuka, hakuna aliyekuja jukwaani kukutunza, ujue wimbo umekufa. Usiwatese watu, uuzike. Basi nikampa Mzee Sudi ishara ya kidole, tukakata wimbo kabla ya chemko, ile sehemu ya mwisho ambapo magitaa hushika moto na watu hucheza. Wimbo uliofuata, vivyo hivyo. Zote tulizikata.

Tulipomaliza walisimama wakapiga makofi mpaka nikaogopa.

"Dada Adela," Mzee Sudi akaninong'oneza, "sijawahi kufukuzwa kwa heshima namna hii."

Nililia usiku ule kwenye mto wa Bi Concetta wenye harufu ya sabuni. Asubuhi aliniletea kahawa, akamwita kutoka barabarani dereva wetu, mwenyeji aliyejua Kiswahili kidogo, aje kutafsiri. Alikuwa na swali moja: kwa nini nyimbo zenu zinaishia katikati? Dereva akamweleza kuhusu kile kimya. Bi Concetta akaweka mkono kifuani, akashangaa. Kumbe kwao mtu akiimba, hata kukohoa ni aibu. Yeye mwenyewe alikuwa na kikohozi, alikibana mpaka machozi yakamtoka.

Siku iliyofuata niliimba nyimbo nzima. Hakuna aliyeinuka. Lakini safu ya mbele, chini ya kiti, niliona kiatu cheusi kinapiga mdundo, kidogo kidogo, kama kinaiba. Wimbo wote nikakiimbia kiatu kile.

Sijui kama nimewahi kuimba vizuri kuliko siku hiyo.

Baadaye bendi ilisambaratika. Nikaolewa, nikaja huku ughaibuni, nikafiwa na mume. Sasa naosha masufuria jikoni mwa nyumba ya kutunzia wazee, na Jumapili nasimama safu ya nyuma ya kwaya ambapo hakuna anayenisikia peke yangu. Nimezoea. Ndivyo nilivyokuwa nikidhani.

Leo mchana Neema amerudi akaliona begi. Nikamweleza yote, Jumatatu na Lecce pia. Yeye hunisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza. Hivyo ndivyo tunavyoishi.

"Mama, uliimba kweli? Jukwaani, mbele za watu?"

"Kwani nilizaliwa na sufuria mkononi?"

"Basi imba."

"Hapa? Majirani watagonga ukuta."

"Wagonge kwa mdundo."

Alitaka kuleta redio ya kaseti anirekodi. Nikamkataza. Sikutaka kuimba kama mtu anayeandika wosia.

Ubeti wa kwanza sauti ilikwama, nikakohoa, nikaanza upya. Kwenye chemko nikapiga gitaa la Mzee Sudi kwa mdomo. Neema akainuka. Anacheza vibaya mno mwanangu, kama mtu anayekwepa madimbwi ya maji. Tulicheka mpaka maharage yakashika chini.

Kisha ameniuliza: "Kwa nini ulinificha?"

Nimempigia simu mwalimu wa kwaya. Ni Mrundi, mtu wa taratibu, kila mara hunibembeleza niimbe ubeti peke yangu nami hukataa.

"Mwalimu, kesho naomba ule ubeti."

"Dada Adela! Umeota nini leo?"

"Sijaota. Nipe tu."

Akacheka, akaniuliza kama atushushie wimbo kidogo, ili nisipate shida.

Nimemwambia asiushushe. Auache juu pale pale, kesho napafikia.