Kitasa Ambacho Mama Hakutaka Kitolewe

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, alasiri.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Kesho,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Kula vizuri, vaa nguo nzito, na usiende kazini na tumbo tupu. Sisi hatujambo. Miguu ya Mama huvimba kidogo jioni, lakini mdomo wake ni mzima kabisa, na wewe unaujua.

Nakuandikia kwenye meza ya cherehani. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, sasa imekatika, barabara inang'aa na pazia linapanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyelala. Mchana wa namna hii hata mimi husahau ninashona nini. Jana nilishona mkono wa gauni ndani nje, nikaukodolea macho muda mrefu kabla ya kuona kosa. Usinicheke.

Sasa nisikilize, na usishtuke, maana hakuna aliyeumia wala kilichopotea. Wiki iliyopita kuna mtu alijaribu kuufungua mlango wetu.

Mimi nilikuwa nimepeleka nguo za mteja. Mama alikuwa amejilaza kwenye kochi, usingizi wake ule wa mchana, nusu yuko huku nusu yuko kule. Anasema alisikia kitasa kinagongwa taratibu, ko, ko, ko, kinatulia, kisha tena. Hakuogopa hata chembe. Aliota, au aliwaza, hajui mwenyewe, kwamba ni wewe umefika na mizigo imekujaa mikononi. Akaita palepale kwenye kochi, "Sukuma tu, baba, huo mlango siku hizi unakwama!"

Kugonga kukakoma. Mpaka alipojikokota kufika mlangoni, kibaraza kilikuwa kitupu. Nafikiri katika dunia nzima ni mwizi wetu tu aliyetimuliwa kwa kukaribishwa.

Niliporudi nilikuta chai imeandaliwa, na kikombe chako cha zamani kimeoshwa na kuwekwa mezani. Akaniambia umefika, umezunguka nyuma kunawa miguu. Nilikwenda nyuma kuangalia. Nakwambia kweli, nilikwenda mbio, na moyo ulinidunda kwa furaha kabla sijafika na kuona hakuna mtu.

Hapo ndipo akili ilinirudia, nikakumbuka kwamba ufunguo wangu ulikuwa umeingia kwa shida, kama tundu lina mchanga. Nikainama kuangalia, nikaona mikwaruzo. Mimi ni mtu wa sindano, jicho langu limezoea vitu vidogo. Mikwaruzo ya zamani huwa imefifia, imechukua rangi ya kitasa chenyewe. Hii ilikuwa inameta. Na kando ya tundu palikuwa na kibonyeo kidogo, kama pamepigwa na kitu kilekile mara nyingi.

Tukamwita fundi vitasa. Mtaa mzima unamwita Kimya, kwa sababu hanyamazi. Akaweka kidole juu ya kibonyeo, akatikisa kichwa. "Hawa hawavunji, dada," aliniambia. "Wanaingiza ufunguo wa hila, wanaugonga, pini za ndani zinaruka, kitasa kinadanganyika. Unaweza kuibiwa na mlango usijue kitu." Akatuambia tuwe tunakiangalia kitasa mara kwa mara: mikwaruzo mipya, kibonyeo, ufunguo unaokuwa mgumu au unaolegea ghafla bila sababu. Na wewe kauchungulie mlango wako huko, usingoje kesho kama kawaida yako.

Basi Kimya akatoa bisibisi, aking'oe kitasa na kuweka kipya. Mama akasimama, akauegemea mlango kwa mgongo.

"Hakitoki," akasema.

Tulimbembeleza. Nikamwambia safari ijayo mtu huyo hatakimbia. Akanijibu, "Mtoto akifika na ufunguo wake, akauzungusha ukakataa, si atajua tumemfuta?"

Nilikasirika, mdogo wangu. Nitakuficha nini? Mimi ndiye ninayelala humu, mimi ndiye ninayeogopa kila ubao ukilia, na yeye analinda tundu la ufunguo kwa ajili ya mtu ambaye hata simu hupiga akikumbuka. Nilimwambia hivyo hivyo. Alinishika mkono tu na kuendelea kuuegemea mlango.

Kimya akanyamaza. Haki ya nani, alinyamaza! Kisha akaomba ufunguo wa Mama, akausogeza dirishani, akaugeuzageuza kwenye mwanga. Akasema ataacha umbo la kitasa lilivyo, atabadilisha matumbo yake, aweke pini ngumu zisizodanganyika kwa kugongwa, na azipange zifuate meno ya ufunguo uleule wa zamani. Mama akamuuliza mara mbili kama ana hakika. Alipomaliza, Mama aliuzungusha mwenyewe, akafunga, akafungua, akafunga tena, anatabasamu kama msichana.

Kimya aliuliza funguo ziko ngapi, kwa kuwa lazima tujue kila mmoja uko kwa nani. Mama akajibu, "Mmoja wangu, mmoja wa huyu, na mmoja uko safarini."

Shangazi anakusalimu, anasema umemsahau. Mjomba naye anakusalimu, tena anataka picha yako, isiwe ya kofia. Jirani wa juu amepata mjukuu, analia vizuri sana.

Mama amelala nyuma yangu hapa, kwa hiyo hili la mwisho ni letu wawili. Ufunguo bado unao? Nijibu ukweli. Kama umeupoteza katika kuhamahama kwako, niambie mimi, yeye usimwambie. Nitakutumia wangu. Mimi nitakuwa nabisha hodi, atanifungulia yeye.

Mungu akulaze salama na akuamshe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokusema.