Viatu Zangu

Ujerumani, 3 Februari 2025

Tata,

Shangazi yangu, salamu kutoka kwenye theluji. Mgongo unaendeleaje na kusimama siku nzima hapo saluni? Mimi niko sawa, kikohozi kimepungua.

Nakuomba unisaidie kwa utafiti wangu wa Kiswahili cha Nairobi. Nimekutumia dodoso kwa barua pepe: sentensi arobaini za Kiingereza. Wewe na wenzako hapo Kenyatta Market, kila mtu kivyake, andikeni vile mngesema kwa Kiswahili. Hakuna jibu baya.

Mpwa wako,
Nyakio

Kenyatta Market, 20 Februari

Nyakio wangu,

Mgongo bado unanisumbua, lakini Mungu ni mwema na wateja wako.

Tumejaza, wanawake sita. Nilikaza kabisa: hakuna kuchungulia ya mwenzako. Ivyne alijaza kichwa kikiwa ndani ya draya. Lakini maswali zingine, aki! "Chui amekula mbuzi watatu wa mzee." Chui gani anapita hapa Adams, katikati ya mji? Jacklyne alicheka mpaka akaacha kusuka.

Nikwambie kitu. Nikiwa darasa la tano huko Ngara, mwalimu alinisimamisha mbele ya wenzangu mpaka kengele ikalia, kwa sababu nilisema "kitabu yangu". Tangu hiyo siku sijawahi andika Kiswahili na raha. Wiki hii nimeandika.

Tata Waithera

Ujerumani, 11 Aprili

Tata,

Nisamehe kwa kunyamaza. Wote wazima huko?

Profesa anayenisimamia alisoma majibu yenu akasema hamjui Kiswahili vizuri, kwa hivyo hayafai. Niliogopa. Nimesahihisha kidogo: penye "viatu zangu" nikaweka "viatu vyangu", na mengine kama hayo. Sasa amekubali. Nimeyaambatanisha hapa. Tafadhali wekeni sahihi kwenye fomu hii, kuthibitisha kwamba ni maneno yenu.

Mpwa wako,
Nyakio

Kenyatta Market, 13 Aprili

Nyakio,

Sisi wazima. Na hatuweki sahihi.

Niliwasomea hayo majibu yako hapa saluni. Mukai akauliza, "Huyo anaongea ni nani?" Hakuna mtu alimjua. Uliniuliza vile nasema, sio vile mwalimu angetaka niseme.

Halafu nikatoa nakala za karatasi zetu za kwanza, tukalinganisha. Zote sita: kiatu yangu, viatu zangu. Kikombe yangu, vikombe zangu. Ikiwa moja ni "yangu", zikiwa nyingi ni "zangu". Hakuna hata mmoja ameandika "viatu yangu". Watu sita hawawezi kukosea sawasawa hivyo bila kuambiana. Hiyo ni kanuni, na ni yetu. Mwambie profesa. Kama huwezi, toa majina yetu kwa hiyo kitabu yako.

Nilisimamishwa mbele ya darasa mara moja. Sisimamishwi tena, haswa na mtoto nilibeba mgongoni.

Tata

Ujerumani, 9 Juni

Tata yangu,

Nawasalimu nyote sita. Karibu miezi miwili sikuwa na uso wa kukuandikia.

Nimerudisha majibu yenu yote, neno kwa neno, pamoja na kanuni mliyoiona. Profesa alisema nichague: nisahihishe, au nitafute msimamizi mwingine. Nikamwambia, "Hawa wanawake hawajakosea. Aliyekosea ni mimi." Akafunga faili, akanionyesha mlango.

Jana nimepata msimamizi mpya, mama mmoja mkali. Aliuliza swali moja tu: "Hao sita watakubali kuulizwa zaidi?" Nitachelewa mwaka mzima kumaliza. Sijutii.

Nakuja Agosti. Sibebi sentensi za Kiingereza. Nataka kukaa hapo saluni wiki mbili, ninyamaze, nyinyi muongee.

Mpwa wako,
Nyakio