Mtihani wa Septemba

Jarkko, uko? Soma yote kabla hujanijibu.

Eetu kagongwa leo kwenye mechi ya hoki, kichwa kwenye ukuta wa uwanja. Daktari akampeleka ndani kumpima. Dakika kumi tu, akarudishwa kwenye barafu kucheza.

Akacheza kidogo, akaenda kuketi kwenye benchi la wapinzani. La wapinzani, Jarkko! Wakamwambia, "Karibu mgeni, kahawa utakunywa na maziwa?" Uwanja mzima ukacheka. Mimi kiatu cha barafu nilichokuwa nanoa makali yake kilinitoka mkononi.

Maana ujanja wa kupita kipimo nilimfundisha mimi. Unajua sijawasamehe madaktari wa klabu tangu walivyomtupa mchezaji wetu Pasi mwaka 1998. Kila Septemba wachezaji wakipimwa kumbukumbu wakiwa wazima, mimi huwanong'oneza: "Jibu vibaya makusudi. Siku ukiumia, alama zitakuwa zilezile, hawatapata sababu ya kukutoa." Eetu alicheka, "Mzee, wewe ni shetani." Lakini akafanya.

Nimekwenda kwa daktari nikamwambia yote. Mimi! Kwa daktari wa klabu!

Msimu wake umekwisha. Pengine na hoki yenyewe. Ana miaka thelathini na tatu, na mkataba mpya ulikuwa wa kusainiwa Ijumaa.

Alivyosikia akaniambia, "Ungenyamaza siku tatu tu, mzee. Siku tatu zilikushinda?"

Sasa nimekaa naye, tunangoja gari la wagonjwa. Hana hasira tena. Ananiuliza nani kashinda. Nimeshamjibu mara tano.