Mwanamke wa Ndoo Katika Gemu Yako

Ndugu yangu Muchiri,

Nimemaliza gemu yako. Niliicheza wikendi yote iliyopita hapa nyumbani Yamumbi, kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, na nitaanza na sifa kwa sababu unazistahili. Kujificha unakujua. Nikikanyaga majani makavu, mlinzi anageuza kichwa. Nikikimbia, pumzi inapanda na kunifichua hata nikiwa nimetulia nyuma ya ukuta. Upepo ukivuma natembea, ukinyamaza nalala chini. Kuna mahali nilijikuta nimeziba mdomo kwa mkono, mimi mwalimu mzima, nimekaa kwenye kochi langu.

Watu mtandaoni wanashangaa ulijifunzia wapi. Mimi sishangai. Tulikuwa pamoja.

Ulikuwa darasa la pili. Mama alikuwa kazini kule Plateau, kwenye jiko la hospitali, na barabara zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya vita vya baada ya uchaguzi. Tulipoona moshi kwa jirani nilikushika mkono, tukatoka kwa mlango wa nyuma na kupenya chini ya ua wa kayaba. Miiba ilikuchana kichwa na hukulia. Upande wa pili, bomani kwake, tulimkuta Mama Jerono amesimama na ndoo ya maziwa. Waliokuwa wanachoma nyumba walikuwa watu wa kabila lake. Nilijua tumeisha.

"Ingieni kwa ndama," alisema. "Haraka!"

Alitufunika kwa nyasi kavu, ndama wakitupumulia usoni. Vijana walipofika na panga, yeye alisimama mlangoni pa zizi.

"Wewe nilikupangusa kamasi ukiwa mdogo," tulimsikia akimwambia mmoja wao. "Leo unakuja kwangu na panga?"

Walimpiga. Tulisikia ndoo ikianguka, na yeye hakusema neno, wala hakutoka pale mlangoni. Wakaenda zao. Mpaka leo mkono wake wa kushoto haunyooki. Tulikula na kulala kwake hadi barabara zikafunguliwa na Mama akaja kutuchukua.

Ulipokuwa unasomea kompyuta chuoni Chepkoilel uliniambia, "Dada, mimi kuandika siwezi. Niwekee hadithi kwa hii gemu." Nikakuwekea hiyo. Watoto wawili, ua, zizi, mwanamke anayekataa kusogea. Uliisoma mbele yangu ukalia, Muchiri. Halafu ukapata kazi ng'ambo, ukaenda na gemu, na siku nilipokuuliza kwenye simu ulinijibu kama mtu anayefukuza nzi: "Hiyo tuliitoa. Watu hawachezi gemu ndio wasome, Dada. Wanataka ekshen."

Sasa nimeona mlichoweka mahali pake. Mwanamume wa koti jeusi, hana jina, hana kwao. Anatafuta kisanduku, na nimefika mwisho bila kujua ndani kulikuwa na nini. Akifungua mdomo anaongea kama tangazo la redio: "Nitalipiza kisasi!" Amekosewa nini, na nani? Hata wale wanaokupa nyota zote wanasema hadithi ni maji matupu.

Hayo ningeyavumilia. Gemu zenye maneno mabovu ziko nyingi. Lakini uliweka ua wetu wa kayaba. Ukaweka zizi. Na mlangoni pa zizi ukamweka mwanamke na ndoo, na mchezaji akionekana naye, yule mwanamke anapiga mayowe, na wenye silaha wanakuja mbio.

Jumapili baada ya kanisa Mama Jerono alipita kwangu. Alikuwa amesikia kwa watu. "Nionyeshe hiyo kitu ya Muchiri," aliniambia. Nilijaribu kumwonyesha milima tu, na mvua, akasema twende mbele. Akaijua boma yake mwenyewe. Alicheka kwa furaha, akaniomba nimsogezee simu karibu na macho.

"Huyo ni mimi?"

Kidole changu kilikuwa kimeganda na mtu wako wa koti jeusi alikuwa amesimama peupe. Mwanamke akamwona. Akapiga mayowe.

Mama Jerono alinirudishia simu taratibu.

"Kwani nilipiga kelele?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Hukupiga."

Chai ikapoa mbele yake. Kisha akasema, "Alikuwa mtoto. Labda ndivyo alivyosikia." Akaniomba nisikugombeze, akajifunga kitambaa vizuri, akaenda nyumbani.

Yeye ameshakutafutia udhuru. Mimi nimeutafuta wiki nzima na sijauona. Hukusahau, kwa sababu zizi umelichora mpaka ufa wa mlango. Ulihitaji mtu wa kupiga kelele, ukaona anatosha.

Usinipigie simu kunieleza jinsi gemu zinavyotengenezwa. Mpigie yeye. Mwambie kwa mdomo wako kwamba hakupiga kelele. Ukishamwambia, ndipo unitafute.

Ni mimi niliyelala nawe kwenye nyasi,
Dada yako